Tukipima Mate ya Watoto, Tuzibe na Meno Yao

Sayansi ya afya ya kinywa imefungua uwanja mpya: kuyasoma mate ya mtoto ili kutambua hali ya meno yake. Mate hupatikana bila sindano wala maumivu. Ndani yake watafiti hupima viashiria vya mkazo wa oksidisheni, yaani hali ambapo kemikali zinazodhuru chembehai huzidi uwezo wa mwili kuzidhibiti. Tafiti kadhaa zimekuta uwezo huo wa kujikinga ukiwa juu zaidi kwa watoto wenye meno yaliyooza, kana kwamba mwili unajihami. Nyingine hazikukuta hivyo. Haijathibitika kama mabadiliko hayo ni chanzo cha kuoza au ni matokeo yake.

Naunga mkono utafiti wa aina hii. Ninachohoji ni nafasi ya mtoto anayetoa mate hayo. Wananchi wa Kyela si wageni wa kutoa sampuli. Takwimu zao ndizo zilizowawezesha watafiti wa Mbeya na wenzao wa Ujerumani kuonyesha, katika jarida la Lancet mwaka 2016, kwamba maambukizi ya minyoo ya matende yanahusiana na ongezeko la hatari ya kupata VVU. Huo ni mchango mkubwa kwa dunia. Wilaya iliyochangia kiasi hicho ina haki ya kuuliza itarudishiwa nini.

Kuhusu meno, mengi yanajulikana tayari. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi. pH ikishuka chini ya takribani 5.5, gamba la jino huanza kupoteza madini. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku. Ripoti yake ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Kyela huuza kakao ikiwa punje kavu. Pipi na soda humfikia mtoto wake zikiwa tayari, hadi mlangoni mwa shule.

Tiba nayo haiko mbali. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ndipo ilipozaliwa mbinu ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa saruji ya meno, bila umeme wala mashine ya kutoboa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipa baraka zake, na mwaka 2021 saruji ya aina hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, ziliingia katika orodha yake ya dawa muhimu. Mbinu isiyohitaji umeme inafaa Ipinda, Matema na vijiji vya mwambao kama Ikombe. Pasipo huduma hiyo, mtoto husubiri hadi maumivu yamnyime usingizi na masomo, kisha jino hung'olewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino, hata ukuta haujengeki tena.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati za maadili ya utafiti zisiidhinishe mradi wa kupima mate ya watoto usio na bajeti ya kuwatibu watakaokutwa na meno mabovu. Pili, halmashauri itenge fedha za ziara za kuziba meno katika shule za msingi, na watumishi wa zahanati wafundishwe mbinu hiyo. Tatu, shule zisimamie upigaji mswaki kwa dawa yenye floraidi na kuzuia uuzaji wa pipi na soda katika maeneo yao.

Wanafunzi wangu wa utafiti, ulizeni swali hili kabla ya kufungua kichupa cha kwanza cha sampuli: mtoto huyu akishatema mate, nani atamtibu? Nanyi watumishi wa umma mnaopanga bajeti, jibu lake limo mikononi mwenu.