Mja Mzito Nyuma ya Nondo

 

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, kamati za misikiti yetu hukusanya tende, misahafu na kanzu zikapelekwa magerezani. Hiyo ni amali njema, na Allah awalipe wanaoisimamia. Lakini itazame vyema orodha ya vitu hivyo, ndugu msomaji. Imeandikwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Hamna ndani yake nepi, hamna sodo, hamna kanga ya kumfungia mzazi tumbo. Katika fikra zetu mfungwa ni mwanamume, na kwa hivyo mwanamke aliyeingia jela na mimba tumboni hatumuoni kabisa.

Wako waliojitahidi kumuona. Nchini Uingereza, mkunga na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Dkt. Laura Abbott, aliingia katika magereza matatu ya wanawake mwaka 2015 na 2016. Akakaa humo, akatazama, akazungumza na wanawake 28 waliokuwa na mimba au waliojifungua karibuni, na maafisa 10. Hakwenda kuhesabu vitanda. Alikwenda kusikiliza. Wanawake wale walimweleza habari ya njaa, kwani chakula cha jela hugawiwa kwa saa maalumu, na mja mzito njaa yake haijui saa. Walimweleza aibu ya kupelekwa kliniki wakiwa na pingu, huku wajawazito wengine wakiwatazama. Walimweleza jinsi ambavyo mfungwa hawezi kwenda kwa mkunga kwa hiari yake, bali sharti amuombe askari, na askari ndiye anayeamua iwapo maumivu yake ni ya kweli. Na wako waliojifungulia ndani ya jela kabla mkunga hajafika.

Mtu atauliza, maneno ya wanawake 28 yathibitisha nini? Swali hili laulizwa hata na wasomi wetu, ambao hawaamini jambo mpaka waone asilimia. Mimi naona watu wa dini hatukufaa kulistaajabia. Elimu yetu nusu yake ni riwaya: fulani kasikia kutoka kwa fulani, akahifadhi lafudhi, akachunguzwa ukweli wake na uangalifu wake. Riwaya moja iliyo sahihi hujenga hukumu. Takwimu itakwambia wafungwa wangapi wana mimba. Haitakwambia kwamba mwanamke alibonyeza kengele usiku na asijibiwe.

Na jambo hilo limetokea. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2019, katika gereza la Bronzefield huko Surrey, msichana wa miaka 18 alishikwa na uchungu akiwa peke yake chumbani. Aliita mara mbili kutaka muuguzi, na msaada haukuja. Alijifungua peke yake gizani, akakikata kitovu kwa meno. Asubuhi mtoto alikutwa hana uhai. Ripoti ya Mkaguzi wa Malalamiko ya Magereza, iliyotolewa mwaka 2021, iliona kwamba kila mimba iliyomo jela ihesabiwe kuwa ni mimba ya hatari, kwa sababu moja tu: mwenye mimba hiyo amefungiwa mlango. Hii ni nchi yenye hospitali nyingi na madaktari wengi. Tusijidanganye kwamba kwetu hali ni bora. Mwaka 2020 watafiti walichapisha utafiti wa namna hiyo hiyo kutoka Malawi, na ulioupa utafiti huo jina lake ni usemi kwamba magereza hayakujengwa kwa kumfikiria mwanamke.

Sasa tuitazame Sharia, ambayo sisi twasema ndiyo tunayotaka jamii irejee kwayo.

Katika Sahih Muslim imepokewa habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyemjia Mtume (S.A.W.) akakiri zinaa naye ni mja mzito. Aliambiwa arudi mpaka azae. Alipozaa, Mtume (S.A.W.) hakukubali mtoto mchanga aachwe bila wa kumnyonyesha. Katika moja ya riwaya mama alirudi tena baada ya kumwachisha ziwa, mtoto akiwa na kipande cha mkate mkononi. Na katika riwaya ya Imran bin Husayn, kuhusu mwanamke wa Juhayna, Mtume (S.A.W.) alimwita walii wake akamuamrisha amtendee wema mpaka ajifungue. Izingatie amri hiyo. Mwanamke amekiri dhambi kubwa, hukumu yake inajulikana, na jambo la kwanza analoamrishwa jamaa yake ni ihsani. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba mja mzito haadhibiwi kwa adhabu itakayomdhuru aliye tumboni mwake. Hadd yenyewe, haki ya Mola, ilisimama ikangoja ziwa la mtoto.

Ama kuhusu jela, Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa aliyefariki mwaka 182 Hijria, alimwandikia Khalifa Harun Rashid katika Kitabul-Kharaj kwamba wafungwa walishwe na wavishwe kwa mali ya umma. Akataja mavazi ya kusi na ya kaskazi, na hakuwasahau wanawake: aliwatajia nguo zao, na ushungi wao akauandika mbali. Akamnukulu pia Umar bin Abdul-Aziz, aliyewaagiza magavana wake wasimfunge mfungwa minyororo itakayomzuia kuswali kwa kusimama. Faqihi wa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita aliukumbuka ushungi wa mwanamke aliyefungwa, na kamati zetu za leo zimeusahau! Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, zinazokataza pingu wakati wa kujifungua na kutaka mja mzito apewe adhabu isiyo ya kifungo kila inapowezekana, zilikuja mwaka 2010. Tungekuwa tunavisoma vitabu vyetu, tusingengoja kufundishwa haya na Bangkok.

Naijua hoja inayotolewa barazani. Husemwa: amejitakia, asingeiba asingefungwa. Hoja hii ina upungufu. Kwanza, aliye rumande hajahukumiwa, na Sharia kama ilivyo sheria ya nchi haimwiti mkosaji kabla ya hukumu. Pili, Qur'ani katika Suratul An'am na Suratu Fatir imekata kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, na aliye tumboni hakuiba kitu. Na tuseme amekosa kweli: Suratul Insan yawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na Mujahid alifasiri kuwa mfungwa huyo ni pamoja na aliye jela. Aya haikuweka sharti kwamba awe hana hatia.

Kila mmoja wetu ameona namna mzazi anavyotunzwa nyumbani. Hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hupikiwa uji wa pilipili manga, hukaa arubaini yake amezungukwa na mama, shangazi na makungwi, na wala haachwi peke yake usiku. Anayerudishwa jela kutoka wodi ya wazazi, nani anamkanda? Maji ya kujitwaharishia nifasi anayapata wapi, na stara iko wapi? Hapa Kenya Sheria ya Magereza yamruhusu mtoto kukaa na mamake humo mpaka atimize miaka minne. Ni huruma kwa upande mmoja, lakini ina maana kwamba pana watoto wanaojifunza kutembea ndani ya uzio.

Mengi katika haya yamo ndani ya uwezo wetu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 yampa hakimu nafasi ya kumuhukumu mkosaji wa makosa madogo kazi za jamii badala ya kifungo. Mawakili wa Kiislamu katika jamaa zetu waiombe kwa kila mja mzito anayefikishwa kortini. Yuko pia anayefungwa kwa kukosa faini ambayo kapu la Ijumaa moja lingeilipa. Iwapo fungu la zakka la kukomboa shingo lamgusa mtu kama huyo, wanavyuoni wamekhitalifiana, na mjadala huo tuwaachie wenyewe. Sadaka haina khitilafu.

Na ziara za Ramadhani zisimamiwe pia na kina mama. Waende kwanza bila mizigo, wakiwa na mkunga mmoja miongoni mwao, wapate ruhusa ya mkuu wa gereza, wakae na wafungwa wajawazito na wazazi wawaulize wanahitaji nini. Yatakayosemwa yaandikwe na yasomwe mbele ya kamati kabla ya tende kununuliwa.