Kamba mbili, mufuko moja: vekta iko ndani ya kazi yetu

Kuna wazazi wenye wanauliza: ile vekta ya shuleni itasaidia mutoto nini kwa shimo? Sisi tunasema itamusaidia sana.

Toka Butembo, fuata barabara ya taifa namba 2 karibu kilometa 50. Ukienda kaskazini, unakaribia Beni. Ukienda kusini, uko Lubero. Kilometa ni zile zile, lakini fasi ya kufika si moja. Njo vekta: ukubwa pamoja na uelekeo. Kimoja kikikosa, habari haijatimia.

Sasa tuangalie shimo. Mufuko wa kilo 50 unaning'inia kwa kamba mbili. Kamba zikisimama wima zote mbili, kila moja inabeba kilo 25. Zikipanuka mpaka pembe kati yao ifike digri 90, kila moja inabeba kama kilo 35. Kwa digri 120, kila moja inabeba kilo 50 nzima. Ukipanua tena, kila kamba inabeba kupita mufuko wenyewe. Juu ya nini? Juu nguvu ingine inavuta kando tu, haiinue kitu. Mufuko haukuongezeka uzito, ni uelekeo uligeuka. Na mwenye iko chini yake ni mutoto wa mutu.

Njo maana tunaomba: walimu, mufundishe vekta na kamba mukononi. Wakubwa wa mashimo, muangalie pembe, si unene wa kamba tu. Na sisi wazazi, tusikatishe watoto masomo.