Zamu ya usiku si hisani

Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1.30 asubuhi na kufungwa saa 9.30 alasiri. Vituo vya polisi havina saa ya kufungwa. Katika muda ulio kati ya hapo, tangu alasiri hadi asubuhi ya pili, na tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu, hukamatwa watoto: aliyechomoa simu ya mtu sokoni, aliyekutwa amelala stendi ya mabasi, binti wa kazi za nyumbani aliyeshitakiwa na mwajiri wake kwamba fedha zimepotea kabatini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa ni mtoto, na imemtaka afisa ustawi wa jamii awepo shauri la mtoto linaposikilizwa katika mahakama ya watoto. Lakini katika saa zile ambazo mtoto anamhitaji afisa huyo kuliko saa zote, afisa yuko nyumbani kwake amelala, na katika wilaya nyingi hapana mkubwa yeyote aliyemwagiza kwa maandishi kwamba usiku huo akae tayari kuitwa.

Wako watakaosema kwamba hizo ni saa chache tu, na kwamba kulala usiku mmoja korokoroni hakujamwua mtoto. Wasemao hivyo ama hawajui yanayofanyika katika saa hizo, ama wanajua na hawajali. Saa hizo ndizo zinazoandikwa jalada. Kijana wa miaka 14 mwenye kimo kirefu, asiye na cheti cha kuzaliwa, akiandikwa usiku kuwa ana miaka 18, asubuhi anaamka mtu mzima. Sheria inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Makatazo hayo hayamfikii mtu ambaye karatasi inasema si mtoto. Kuiandika namba hiyo ni kazi ya dakika moja. Kuifuta kunataka mashahidi, mzazi aliye kijijini, daktari, na hakimu mwenye subira.

Tena mtoto anayehojiwa peke yake usiku wa manane, mwenye njaa na usingizi, hukubali lolote analoambiwa akiahidiwa kwamba ataachiwa aende kwao. Na tena kuna chumba chenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka mtoto aliye kizuizini atengwe na watu wazima, na unataka kizuizi kiwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kituo kidogo chenye chumba kimoja cha mahabusu kitamtenga wapi? Makao ya mahabusu ya watoto yako katika mikoa michache tu, miongoni mwayo Dar es Salaam, Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Mbeya, hali mikoa ya Tanzania Bara ni 26. Katika sehemu kubwa ya nchi, basi, hakuna jengo lililo kati ya mtoto na korokoro la watu wazima. Pana mtu mmoja tu: afisa ustawi wa jamii, ikiwa ameitwa, na ikiwa amefika.

Matokeo ya kutofika kwake yanajulikana siku nyingi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilifanya ukaguzi wa mahali wanapozuiliwa watoto, na taarifa yake ya mwaka 2011 ilieleza kwamba walikutwa watoto ndani ya magereza ya watu wazima. Tangu hapo semina zimefanyika tele. Maneno mapya yamekaririwa, na sasa hata karani anajua kwamba haifai kusema mtoto mhalifu, bali mtoto anayekinzana na sheria. Ni jambo jema. Ila jina zuri halifungui mlango wa korokoro saa 7 za usiku.

Yafaa ielezwe kazi ya afisa huyo akiitwa, kwa sababu wapo wananchi, na baadhi yao ni watumishi wa Serikali, wanaodhani kwamba huenda kuwatoa wezi. Afisa huketi na mtoto mbali na wengine. Humwuliza anaishi na nani, anasoma wapi, amekula lini, ana maumivu gani, nani amempiga. Hutafuta umri wake kwa njia ya haki: darasa alilomo, wadogo zake wana miaka mingapi, alizaliwa kabla au baada ya jambo fulani linalokumbukwa kijijini. Umri huo una uzito mkubwa, maana mtoto wa chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kwa sheria ya nchi, na yule wa chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa mkosaji mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alitendalo ni baya. Kisha afisa humtafuta mzazi au mlezi, humpima kama anafaa kukabidhiwa mtoto usiku ule, maana wako watoto walioikimbia nyumba hiyo hiyo wanayotaka kurudishwa, na humshauri mkuu wa kituo juu ya dhamana. Aliyeibiwa simu yake hapotezi haki yoyote. Shauri liko pale pale, na mtoto atafikishwa mahakamani.

Kazi ya namna hii si ndoto ya vitabuni. Katika jimbo la Kansas, nchini Marekani, ipo kwa sheria: askari akimkamata mtoto humpeleka kwa afisa wa mapokezi na tathmini, naye humhoji na kuamua kama arudishwe kwa mzazi, kwa masharti au bila masharti, au apelekwe mahali pengine pa usalama. Itasemwa kwamba Marekani ni nchi tajiri. Ni kweli, lakini utajiri hauhusiki sana hapa, kwani afisa wa zamu wa kule mashambani haketi ofisini usiku kucha. Yuko nyumbani kwake, na simu iko karibu naye. Je, ni wilaya gani ya Tanzania leo isiyo na simu?

Wala hapa nchini jambo hili si geni. Daktari huitwa usiku, na Serikali imeweka posho ya kuitwa kazini. Nguzo ya umeme ikianguka saa 8 za usiku, mafundi wa dharura hutoka na gari lao, na hakuna anayewaambia wananchi wangoje Jumatatu. Halmashauri iliyokubali kwamba nguzo haiwezi kungoja imeona nini hata ikaamini kwamba mtoto anaweza?

Maafisa wenyewe hawakosi lawama. Wako wanaozima simu zao saa 9.30 kamili kana kwamba wanafunga duka. Hata hivyo ingekuwa dhuluma kuwatwika wao mzigo wote. Afisa anayeitikia wito hupanda bodaboda kwa fedha yake mwenyewe. Akiwa mwanamke hupita peke yake gizani. Huondoka kituoni alfajiri, na saa 1.30 anatakiwa mezani kwake pamoja na wenzake waliolala. Akifanya hivyo mara tatu kwa moyo wa huruma, mara ya nne atachoka, na hapana wa kumlaumu, kwa sababu hapana mahali palipoandikwa kwamba ilikuwa zamu yake. Kazi iliyotajwa katika sheria ya nchi imefanywa kuwa hisani ya mtu binafsi.

Walimu nao wanahusika. Daftari la uandikishaji lililo katika kabati la mwalimu mkuu mara nyingi ndilo ushahidi pekee wa umri wa mtoto. Mwalimu anayepigiwa simu usiku kuulizwa habari za mwanafunzi wake, naye akajibu kwamba huyo ni mtoro sugu na afungwe apate akili, ametoa hukumu ambayo hakimu mwenyewe hana ruhusa ya kuitoa. Na utoro wa mtoto huyo ulianza darasani, mbele ya macho ya mwalimu, miezi mingi kabla ya askari kumjua.

Kinachotakiwa ni kidogo mno hata inaona haya kukidai. Mkurugenzi wa halmashauri atoe ratiba ya zamu ya kila mwezi, yenye jina na namba ya simu ya afisa wa kila usiku. Ratiba hiyo ibandikwe juu ya meza ya mapokezi katika kila kituo cha polisi. Nauli na posho ziingizwe katika bajeti kwa jina lake. Na afisa aliyekesha apewe mapumziko siku inayofuata. Madiwani wanapokutana hukagua barabara, visima na madarasa. Katika kikao kijacho wamwulize mkurugenzi swali moja: usiku wa leo, katika kituo cha polisi cha wilaya, limebandikwa jina la nani?