Kabla ya kuingia studio, kikundi kiandike wimbo ni wa nani

Albamu ya kwanza ya kikundi cha Marekani R.E.M., inayoitwa Murmur, ilitoka tarehe 12 Aprili 1983. Vijana wengi wa Goma, Bukavu ama Lubumbashi hawajaisikia, na si kosa lao. Ni rock ya magitaa, imeimbwa kwa Kiingereza ambacho hata Wamarekani wenyewe walishindwa kukisikia vizuri. Lakini namna albamu hiyo ilivyotengenezwa inagusa ugonjwa unaoua vikundi vya muziki mashariki mwa Congo mwaka kwa mwaka: watu wanatunga pamoja, wanaimba pamoja, kisha wimbo ukipendwa, mmoja anasimama na kusema ni wake.

R.E.M. walikuwa vijana wanne wa Athens, mji mdogo wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia. Peter Buck, mpiga gitaa, alikuwa akiuza sahani za muziki dukani. Michael Stipe aliimba, Mike Mills alipiga besi, Bill Berry alipiga ngoma. Mara yao ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa tarehe 5 Aprili 1980, kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya rafiki, ndani ya kanisa la zamani ambamo baadhi yao walikuwa wanakaa. Hawakuhamia New York wala Los Angeles. Walibaki Athens, wakazunguka miji ya kusini kwa gari, wakipiga kwenye baa ndogo. Wimbo wao wa kwanza waliurekodi kwa Mitch Easter, mwanamuziki aliyekuwa na studio katika gareji ya nyumba ya wazazi wake huko Winston-Salem.

Kampuni ya I.R.S. ilipowachukua, iliona gareji haitoshi. Mwisho wa mwaka 1982 iliwapeleka kwa prodyuza Stephen Hague, wajaribu naye wimbo mmoja. Hague alikuwa mtu wa usahihi. Berry alilazimishwa kurudia ngoma mara nyingi mno akifuata mashine ya kuhesabu mapigo, hadi moyo ukamvunjika. Baadaye prodyuza akaongeza vinanda juu ya wimbo bila kuwauliza wenye wimbo. Vijana wakakataa. Wakaomba warudi kwa Easter na mwenzake Don Dixon, wakakubali kufanya jaribio la wimbo mmoja katika studio ya Reflection mjini Charlotte, na kampuni iliposikiliza ikaachia. Albamu nzima ilirekodiwa huko mwanzoni mwa mwaka 1983. Stipe hakupenda kuimba akitazamwa, kwa hiyo aliwekwa peke yake kwenye ngazi gizani.

Inafaa kusimama kidogo hapo. Kikundi kisicho na albamu hata moja, kisicho na pesa, kiliiambia kampuni hapana, na wanne wote walisema neno moja. Ingekuwa kikundi cha bosi mmoja na wafanyakazi watatu, kampuni ingemwita bosi pembeni, ingemnunulia chakula kizuri, na ngoma ya Berry ingebaki kwa Hague. R.E.M. walikuwa na desturi kwamba jambo kubwa halifanyiki mpaka wote wanne wakubali. Na desturi hiyo ilikuwa na mzizi katika pesa. Nyimbo zote za kikundi ziliandikwa kwa majina manne, kwa mpangilio wa alfabeti, kila mtu sehemu sawa: Berry, Buck, Mills, Stipe. Wimbo wa mwisho wa Murmur una hata jina la tano, la mtu wa nje ya kikundi aliyesaidia kuutunga. Hakufichwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mpiga ngoma alipwe sawa na mwenye kuandika maneno? Jibu limo ndani ya albamu yenyewe. Wimbo mtulivu kuliko yote humo, Perfect Circle, ule wa piano, muziki wake ulitoka hasa kwa Berry. Miaka tisa baadaye, mpiga ngoma huyohuyo ndiye aliyeleta mbegu ya Everybody Hurts, wimbo uliojulikana dunia nzima. Katika vikundi vingi, mpiga ngoma anapewa nauli na soda, na akiwa na sauti nzuri kichwani mwake anaitunza kwa siku atakayounda kikundi chake. Berry hakuwa na sababu ya kuficha kitu. Alichokileta mezani kilikuwa chake na cha wenzake siku hiyohiyo.

Murmur haikuwatajirisha haraka. Ilifika nafasi ya 36 kwenye orodha ya Billboard, ikauza nakala kama 200,000 hadi mwisho wa mwaka, na kampuni ilitaka zaidi ya hapo. Ilisaidiwa na redio za wanafunzi wa vyuo vikuu, ambazo zilipiga kila kitu ambacho redio kubwa zilikataa. Hata hivyo gazeti la Rolling Stone liliichagua kuwa albamu ya mwaka 1983, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa inasikika kila kona. Idadi ya nakala 500,000 haikuthibitishwa hadi mwaka 1991. Kuhusu maneno ambayo hayaeleweki, watu wa Kivu wasicheke sana: wangapi wamecheza miaka ishirini nyimbo za Kilingala bila kujua mwimbaji anamlalamikia nani?

Mwaka uliofuata, Februari 1984, kikundi cha Manchester huko Uingereza, The Smiths, kilitoa nacho albamu yake ya kwanza. Kilikuwa na watu wanne vilevile, na aina ya muziki iliyo karibu na ile ya R.E.M. Nyimbo zilisainiwa na wawili, Morrissey na Johnny Marr, na hilo halikuwa na ubishi, kwa sababu ndio waliotunga. Ubishi ulikuwa juu ya pesa za kurekodi na za kupiga jukwaani. Wawili hao walichukua asilimia 40 kila mmoja, na mpiga besi Andy Rourke na mpiga ngoma Mike Joyce wakapewa asilimia 10 kila mmoja. Karatasi inayosema hivyo haikuwepo. Kikundi kilivunjika mwaka 1987. Rourke, aliyekuwa na shida ya pesa, alikubali pauni 83,000 akaachana na kesi. Joyce aliendelea. Mwezi wa Desemba 1996 mahakama kuu ya London ilimpa haki ya asilimia 25, kwa kutumia sheria ya ushirika wa biashara ya mwaka 1890: pale ambapo wenzi hawakuandikiana kitu, wanagawana sawa. Morrissey akakata rufaa, akashindwa. The Smiths hawakurudiana tena, na Rourke alifariki mwaka 2023.

Kwa hiyo hoja si kwamba kila kikundi kigawane sawa kama R.E.M. Kuna vikundi ambamo mtu mmoja kweli anatunga kila kitu, na kumlazimisha agawane robo na mtu aliyejiunga juzi ni dhuluma pia. Hoja ni kwamba Morrissey na Marr walikuwa na nafasi ya kuandika asilimia zao mapema, mchana, mbele ya wote wanne, na Rourke na Joyce wangechagua kukubali ama kuondoka. Hawakuandika. Badala yake jaji ndiye aliyeandika, miaka tisa baada ya kikundi kufa.

Congo inajua habari hizi bila kufundishwa na Manchester. Wenge Musica ilipasuka mwaka 1997, JB Mpiana upande mmoja, Werrason na wenzake upande mwingine, na mashabiki wakagawanyika hadi ndani ya familia. Ilichukua hadi tarehe 30 Juni 2022 kuwaona tena kwenye jukwaa moja, katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa. Wakubwa hao walikuwa na majina, waliweza kuanza upya. Kijana wa Uvira ama wa Butembo aliyerekodi nyimbo sita kwa dola alizochanga na wenzake hana njia ya kuanza upya.

Na mashariki kuna jambo ambalo vijana wa Athens hawakulijua: vita. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi zimetawanyika, na wanamuziki wamo ndani yake. Mpiga besi anaweza kuwa Kampala, mwimbaji Bujumbura, mpiga ngoma amebaki kwao na simu haipitiki. Wimbo wao uko YouTube. Nani anapokea vidogo vinavyoingia? Yule aliyefungua akaunti na anayejua neno la siri. Labda ni ndugu mwema anayewatumia wenzake. Labda siye. Wale wengine hawana cha kumwonyesha isipokuwa kumbukumbu zao, na kumbukumbu ya watu wanne waliokimbia njia nne haiwezi kuwa moja.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na pia haki za wale wanaopiga na kuimba kazi hizo. Shirika la SOCODA liliundwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA ya zamani. Kwamba wanamuziki wa mikoani hawaoni faida yake, ni malalamiko yanayosikika kila mahali na wenye SOCODA wana kazi ya kuyajibu. Lakini hata shirika safi kuliko yote, lenye ofisi katika kila mji, haliwezi kujua nani alileta sauti ya piano ndani ya wimbo. Litaandika majina litakayoletewa. Akija mtu mmoja na jina moja, ni hilo moja litakaloingia kwenye kitabu.

Karatasi inayohitajika si ndefu. Jina la wimbo. Majina ya waliotunga muziki na walioandika maneno, kila mtu na sehemu yake. Nani alilipa studio, na atarudishiwa vipi kabla ya kugawana. Jina la kikundi ni mali ya nani mmoja akitoka. Nani anashika akaunti za mtandaoni, na nani mwingine anajua neno la siri. Sehemu ya mwenzi aliyefariki ama aliyepotea inatumwa kwa nani katika familia yake. Saini za wote, tarehe, na picha ya karatasi hiyo kwenye simu ya kila mmoja, kwa sababu nyumba zinaungua na mabegi yanabaki njiani. Iandikwe kwa Kiswahili kama ndiyo lugha ambayo wote wanaisoma; Kifaransa cha avoka kitafuata siku pesa ikipatikana. Na iandikwe kabla ya kurekodi, wakati bado hakuna anayejua ni wimbo upi utakaopendwa.

Bill Berry aliacha muziki mwezi wa Oktoba 1997, miaka miwili baada ya mshipa wa ubongo kupasuka akiwa jukwaani Lausanne, Uswisi. Alikwenda kulima. Wenzake waliendelea bila yeye hadi mwaka 2011, na katika muda huo wote hakuna aliyekwenda kufuta jina lake kwenye nyimbo za zamani. Mwezi wa Juni 2024, R.E.M. walipopokelewa mjini New York katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo, waliitwa wanne, na mpiga ngoma akapanda jukwaani pamoja na wenzake.