Helikopta za kivita: Kinachoandikwa na wauzaji na kinachowezekana angani

AGOSTI 12, mwaka 2012, helikopta nne za Jeshi la Uganda (UPDF) ziliondoka nchini humo kuelekea Somalia, kuongeza nguvu katika kikosi cha Umoja wa Afrika (AMISOM) kilichokuwa kikipambana na Al-Shabaab. Moja, ya uchukuzi aina ya Mi-17, ilitua salama Garissa. Tatu za mashambulizi, aina ya Mi-24, hazikufika. Zote zilianguka katika Mlima Kenya, na wanajeshi kadhaa wakapoteza maisha.

Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Mi-24, chombo cha enzi za Kisovieti chenye injini mbili na uzito wa tani zaidi ya nane kabla ya kupakiwa chochote, kikomo chake cha kupaa ni takriban mita 4,500. Kwa maneno mengine, kwa helikopta ya aina hiyo mlima huo si wa kurukwa juu yake, bali ni wa kuzungukwa.

Tukio hilo linaibua jambo ambalo ni nadra kujadiliwa pale serikali za ukanda huu zinapotangaza ununuzi wa zana mpya za anga. Wananchi huelezwa idadi ya makombora, mwendo kasi na umbali. Kisichoelezwa ni kwamba takwimu hizo, kila moja ikiwa ya kweli peke yake, haziwezi kupatikana zote kwa wakati mmoja.

Chukua mfano wa Apache ya Marekani, ambayo wengi huihesabu kuwa kipimo cha helikopta za aina hii. Hutajwa kuwa inabeba makombora 16 ya Hellfire, roketi 76 za milimita 70 na risasi 1,200 za mzinga wake wa milimita 30. Hata hivyo, mabawa yake madogo yana sehemu nne tu za kutundikia silaha. Kila sehemu hubeba ama makombora manne ama mtungi wa roketi 19. Anayetaka makombora 16 hapati roketi hata moja, na anayetaka roketi 76 huacha makombora yote nyumbani. Ndiyo maana makamanda wengi huchagua nusu kwa nusu.

Hali ni hiyo hiyo kwa mafuta. Apache inaweza kufungwa tangi la ziada la lita karibu 380 ndani ya tumbo lake ili ikae angani muda mrefu zaidi. Tangi hilo huchukua nafasi ya risasi, na akiba ya mzinga hushuka kutoka 1,200 hadi takriban 300. Kwa kuwa mzinga huo hufyatua risasi zipatazo 625 kwa dakika, rubani hubakiwa na nusu dakika tu ya kufyatua. Amenunua muda kwa kulipa risasi.

Juu ya hesabu hiyo kuna hewa yenyewe. Helikopta hubebwa na hewa inayosukumwa chini na pangaboi. Kadiri mwinuko na joto vinavyoongezeka, hewa huwa nyepesi, pangaboi hupata kidogo cha kushika, na injini nazo hupungukiwa nguvu. Mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika siku yenye joto la nyuzi 25, hewa ya hapo huwa nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ile ya pwani katika hali ya kawaida ambayo watengenezaji huitumia kufanyia vipimo. Uzito wa chombo haupungui. Kinachopungua ni mzigo.

Wasovieti walilipata somo hilo nchini Afghanistan kati ya mwaka 1979 na 1989. Mabawa ya Mi-24 husaidia kuibeba, lakini pale tu inapokwenda kasi. Ikitaka kusimama angani katika nchi ya milima ikiwa imesheheni, msaada huo hutoweka. Marubani walilazimika kuikimbiza juu ya njia kama ndege ya kawaida ndipo ipae, na mara nyingi kupunguza silaha. Marekani nayo ilipopeleka Apache 24 nchini Albania mwaka 1999 kwa ajili ya vita vya Kosovo, mbili zilianguka katika mazoezi, marubani wawili wakafariki dunia, na hakuna hata moja iliyoingia vitani.

Haya hayana maana kwamba helikopta hizo hazina faida. Novemba 2013, Rooivalk za Afrika Kusini ziliingia vitani kwa mara ya kwanza chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, zikiwashambulia waasi wa M23 katika vilima vya Chanzu kwa roketi za milimita 70. Ardhini walikuwapo wanajeshi wa Kongo na brigedi maalumu iliyoundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Siku moja baadaye M23 walitangaza kuacha mapigano. Roketi za kawaida, zisizo za gharama ya makombora, zilitosha, kwa sababu adui alikuwa na silaha haba za kuzitungua na askari wa miguu walikuwa tayari kusonga mbele.

Masharti hayo mawili yakikosekana, picha hubadilika. Machi 24, 2003, kikosi cha Apache kilichotumwa kushambulia karibu na Karbala, Iraq, bila askari wa ardhini, kilipokewa kwa risasi za bunduki kutoka kwenye makazi. Moja ilianguka na marubani wake wakatekwa. Nyingine nyingi zilirudi zikiwa na matundu. Mashariki mwa Kongo kwenyewe, helikopta ya Umoja wa Mataifa aina ya Puma ilianguka Machi 2022 katika eneo la mapigano Rutshuru na watu wanane wakafa, na Februari 2023 nyingine ya Afrika Kusini ilishambuliwa kwa risasi ikiwa angani na mwanajeshi mmoja akauawa. Januari 2025, M23 waliingia Goma.

Mataifa tajiri yenyewe hayakubaliani kuhusu mustakabali wa zana hizi. Desemba 2022 Japani ilitangaza kuwa itaachana na helikopta zake za mashambulizi na kutumia ndege zisizo na rubani. Poland, kwa upande wake, ilisaini mkataba wa kununua Apache 96 mwaka 2024.

Kwa nchi zetu, swali si kama helikopta inatisha kwenye gwaride. Kenya ilipopokea MD 530F sita Januari 2020, wapo waliozibeza kwa udogo wake. Lakini toleo hilo lilibuniwa mahsusi kwa maeneo ya joto na mwinuko, na kwa kazi ya kusindikiza askari, chombo chepesi kinachopaa na mzigo wake kina thamani kuliko kizito kinachouacha uwanjani.

Uganda inajua gharama ya kutouliza. Mi-24 nne ilizonunua kutoka Belarus mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibainika hazikuwa katika hali ya kuruka salama, na suala hilo likaishia mbele ya tume ya uchunguzi ya Jaji Julia Sebutinde.

Kamati za bunge zinazopitisha fedha za ulinzi hazihitaji kufichua siri za jeshi ili kuwalinda walipa kodi na marubani. Zinatosha kuuliza: ikiwa imejaa mafuta, saa nane mchana, katika mwinuko ambako itapigana, chombo hiki kitabeba nini na kwa dakika ngapi? Muuzaji asiyeweza kujibu hilo hastahili kulipwa.