Volti Mia Nne Kutoka Betri ya Volti Tisa

Mtambo wa nyuklia wa Fukushima ulipoharibika nchini Japani mwezi Machi 2011, wananchi wengi wa huko hawakuridhika kungoja kuambiwa hali ya mionzi mitaani mwao. Vipimo viliadimika madukani, wakaanza kujiundia wenyewe. Kundi la kujitolea liitwalo Safecast lilizaliwa mwezi huo huo. Mpenda ufundi awaye yote ajaribuye kazi hii aghalabu hukwama mahali pamoja, nako ni kwenye umeme wa kuulisha mrija wa kupimia.

Mrija huo, uliobuniwa na Hans Geiger na Walther Müller huko Ujerumani mwaka 1928, ni bomba lililofungwa lenye gesi kidogo na uzi wa chuma katikati. Mwonzi upitapo hung'oa elektroni moja au mbili katika gesi. Peke yake elektroni hiyo haina nguvu ya kusikika; lakini uzi ukiwa na volti nyingi, huvutwa kwa kasi, hugonga nyingine, nazo hugonga nyingine, mpaka mfumuko wote unatoa mdundo mmoja wa umeme. Ndiyo ile sauti ya "tik".

Mrija wa Kirusi SBM-20, unaopendwa sana na mafundi wa nyumbani, hufanya kazi vizuri kati ya volti 350 na 475, nao hupewa 400. Chini mno, huwa bubu. Juu mno, hutoa umeme mfululizo na kujiua.

Volti 400 zapatikanaje katika betri ya volti 9? Transista hufungulia umeme upite katika koili, kisha huukata ghafula. Koili haikubali mkondo wake kukatwa hivyo. Hurusha volti kubwa kwa kitambo kifupi. Dayodi huuruhusu umeme huo uende upande mmoja tu, na kapasita ndogo huuhifadhi. Jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara kila sekunde. Chagua transista iliyotengenezwa kuhimili zaidi ya volti unazozitaka. Dayodi ya kawaida 1N4007 hugeuka polepole mno kwa kazi hii; nduguye UF4007 ndiye anayefaa.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipomaliza kuunda kifaa changu cha kwanza, nilipima nikaona volti 180. Nikabadilisha koili. Nikabadilisha transista. Nikapoteza Jumapili mbili, na nyumbani wakanichoka. Kumbe mwizi alikuwa mkononi mwangu! Mita ya kawaida ya tarakimu ina ukinzani wa omu milioni 10, na kwa volti 400 hunyonya mikroampea 40. Kwetu sisi hicho ni kidogo, lakini kwa kifaa kilichoundwa kulisha mrija usiotumia karibu chochote, ni mzigo mzito. Dawa yake ni kufunga rezista kumi za omu milioni 100, moja nyuma ya nyingine, kabla ya mita, kisha kuzidisha unachosoma kwa 101. Mita ikionyesha volti 3.96, unazo 400. Rezista moja haifai, kwani nyingi ndogo hazikutengenezwa kuhimili volti hizo.

Mwizi wa pili ni uchafu. Jasho la vidole juu ya ubao, pamoja na unyevu wa pwani, hutosha kuvujisha umeme huu mwembamba. Futa ubao kwa spiriti na uuache ukauke kabisa.

Mzazi, hapa nakuomba usome polepole. Kapasita ya kipimo chetu, ya nanofaradi 10, ikijazwa volti 400 huhifadhi chini ya elfu moja ya jouli: itakuchoma kidole, utaruka, utacheka. Lakini vijana wengi, wakitafuta njia ya mkato, huvunja kamera kuukuu na kuchukua sehemu ya mwanga wake. Kapasita yake ya mikrofaradi 100 kwa volti 300 huhifadhi jouli 4.5, yaani zaidi ya mara elfu tano. Hiyo hukaa na umeme hata betri ikiisha kutolewa, na ikipita kifuani kutoka mkono hadi mkono inaweza kuua. Ukikuta kamera imefunguliwa mezani kwa mwanao, usiiguse, wala usimwache aiguse.

Kifaa kikiwa tayari, kisikilize kwanza bila kukikaribishia kitu. Mrija wa SBM-20 hutoa milio kama 20 kwa dakika, kutokana na ardhi na anga tu. Kisha tafuta utambi wa karabai wa zamani, ule mfuko mweupe wa wavu. Mingi ilitiwa thoriamu. Uache ndani ya mfuko wake wa plastiki, uusogeze karibu na mrija, na uhesabu tena kwa dakika moja.