Chura wa Taita Hahesabu Miche

Wasee, wacha niseme kitu itaudhi watu: kupanda miti na kuokoa msitu si kitu kimoja.

Chukua Milima ya Taita. Huko juu kwenye ukungu kuna chura mdogo wa kahawia, ngozi yake imejaa vinundu. Kwa sayansi anaitwa Callulina dawida, na hiyo Dawida ni jina la milima yenyewe. Alipewa jina hilo 2009, na mmoja wa waliomtambulisha ni Patrick Malonza wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Dunia nzima, anaishi Taita peke yake.

Shida ni kwamba msitu wa asili umebaki vipande vipande. Ngangao, ambacho ni kati ya vile vikubwa, ni kama hekta 120 tu. Katikati ya vipande ni mashamba, barabara na nyumba za watu. Na huyu chura hana viluwiluwi vya kuogelea. Mayai hutagwa ardhini na watoto hutoka wakiwa vyura kamili. Kwa hivyo hata umchimbie kidimbwi, hujamsaidia. Anataka kivuli, majani yanayooza na udongo wenye unyevu. Shamba la mahindi lenye jua kali kwake ni kama ukuta.

Sasa serikali inataka tupande miti bilioni 15 kufikia 2032. Poa, lakini miti gani? Taita tayari kuna misonobari na mikaratusi kibao. Ukihesabu mashina, hiyo ni miti. Ukimuuliza chura, hapo hakuna msitu.

Najua mtu atasema, "Watu wana njaa na wewe unalilia chura?" Sikia, msitu huo ndio hunasa ukungu unaopanda kutoka upande wa Bahari ya Hindi, maji yanadondoka hadi kwenye vijito. Mto Voi unaanzia milima hiyo. Mama anayepanga foleni na mtungi huko chini na chura aliye juu wanategemea msitu mmoja.

Lakini pia tusimlaumu mkulima. Blugamu inakua haraka, inauzwa, inalipa karo. Mti wa asili unachukua miaka mingi. Huwezi kumwambia mtu mwenye ekari moja aache pesa kwa sababu ya chura, halafu uende zako.

Maoni yangu ni haya: pesa za siku ya kupanda, zile za tenti, fulana na hotuba, zipewe mkulima aliye kati ya vipande viwili vya msitu. Alipwe kwa kila mche wa asili ulio hai baada ya miaka mitano. Ukikauka, hakuna malipo.

Na sisi watu wa kontenti tufuate sheria hiyo hiyo. Ukiposti selfi na mche leo, rudi baadaye utuonyeshe mche huo huo. Kama ulikufa, sema ulikufa.